Fundo la Mama Kanyere

Jumatatu, tarehe 10 Machi 2014. Manyunyu yalianza alfajiri, na wingu lilifunika mlima Nyiragongo mpaka kiunoni. Nilipomaliza sala nikaenda kumsalimia mama mkwe wangu, Mama Kanyere. Badala ya kuitikia, akasema:

«Alima, mvua imefika. Munitoe inje.»

Alikuwa mgonjwa tangu Noeli, mwepesi kama kikapu kitupu. Mume wangu Paulin alimbeba, tukamkalisha kwenye kiti chini ya upenu, mbele ya shamba lake dogo. Mapajani alishika fundo la kitenge. Ndani yake mlikuwa na maharagi ya mbegu, mekundu, meusi na ya madoadoa, aliyopewa na mama yake kijijini kwao, katika milima ya Lubero.

Maisha yake yote yalipita na fundo hilo. Vita vya 1998 vilipomleta Goma, mjane, alikuja nalo kiunoni. Volkano ilipolipuka mwaka 2002 na kumeza nyumba, watu walibeba magodoro. Paulin akamwuliza, «Mama, na godoro letu?» Akajibu, «Godoro linazaa?» Moto ulipopoa, alimwomba mwenye chukudu, lile gari la mbao la kusukuma, amletee udongo kutoka Munigi, akautandaza juu ya mawe meusi. Na waasi walipoingia mjini mwaka 2012, tukakimbilia kambi ya Mugunga, alipika nusu ya mbegu kwa ajili ya watoto wa hema la jirani. Nusu akaifunga tena.

«Mungu ametupatia tumbo na kesho,» alisema. «Vyote viwili vinakula.»

Sasa jambo moja tu lilimnyima usingizi: nani angelipokea fundo? Katika ukoo wao, mwanamke akifa na mbegu yake haijapata mkono, inapikwa siku ya kuondoa matanga. Waombolezaji wanaila, nayo imekwisha. Binti yake Kahindo alikuwa na duka Butembo, hakuwa na hata kipande cha shamba. Nilibaki mimi, muuza vitenge, mtoto wa Waislamu wa Maniema, nisiyejua kulima.

«Panda mustari moja tu,» aliniambia asubuhi ile.

Nikainama. Jirani yetu, Mama Domitille, akaja uani kutazama.

«Yesu wangu! Anashika jembe kama kijiko ya chai!»

«Umuache,» mama mkwe akasema. «Pengine udongo inakosa sukari.»

Tukacheka mpaka mama mkwe akakohoa. Nilipomaliza, akaniita karibu.

«Sasa sema utaendelea.»

«Mama, naogopa. Ahadi Mungu anaisikia. Nikishindwa je?»

Alizungusha rozari yake kidogo, kama mimi ninavyofanya na tasbihi.

«Ni vizuri unaogopa. Lakini usiniahidi miye, miye naenda. Siku ukiweza, ahidi mbele ya batu wenye watabaki. Hao watakukumbusha.»

Adhuhuri nilirudi kutoka kuswali nikamkuta kitini, fundo mapajani, tabasamu halijaondoka usoni. Yeye alikuwa ameondoka. Nilisema maneno ya dini yangu, Paulin akasema ya dini yao, tukalia pamoja.

Wiki iliyofuata, siku ya kuondoa matanga, ua ulijaa watu. Kahindo, aliyefika kutoka Butembo, alibandika sufuria ya maji motoni, kisha akainua fundo.

«Mbegu ya mama. Iko na mukono?»

Maji yakaanza kutokota. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya shamba, nikatupa macho chini. Kwenye mstari wangu, maharagi yalikuwa yametoboa udongo. Yalipinda kama njia ya mbuzi, lakini yalikuwa yametoka. Nikasema bismillahi moyoni.

«Kahindo, epua sufuria.»

«Weye?» Mama Domitille akadakia. «Wa kijiko ya chai?»

Ua mzima ukaangua kicheko, na Kahindo akacheka huku akifuta machozi. Nikapokea fundo kwa mikono miwili, nikalifunga kiunoni, nikapaza sauti ili hata wa nyuma kabisa wasikie:

«Mbele ya Mungu na mbele yenu wote: mbegu hii nitaipanda kila mvua. Nikikimbia, nitakimbia nayo. Nikizeeka, nitaitafutia mukono. Na wewe, Mama Domitille, siku nikisahau, uje unicheke!»