Mifuko ya Ncha Zilizofunguka

Bwana Moonsamy alinipa wiki tatu, na alinipa kwa upole, kama mtu anayekuletea habari ya msiba.

Yeye ndiye mkuu wa maabara katika kiwanda cha mafuta ya nywele, kule Mobeni, Durban, ambako nilianza kazi mwezi wa pili na shahada ya kemia ambayo karatasi yake ilikuwa bado haijakunjika hata kona. Niliajiriwa kwa mradi mmoja tu: dawa ya kufunga ncha za rasta bila maji ya moto. Kila msusi anaijua kazi hiyo. Ukimaliza kusuka, unazichovya ncha kwenye maji yanayochemka ili nyuzi zishikane zisifumuke. Maji hayo huunguza. Maman Félicité, Mkongomani anayenisuka tangu nilipofika Durban, ana kovu linaloanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, na hulitaja kama mtu anavyotaja saizi ya kiatu chake. Dawa yetu ingechukua nafasi ya maji hayo. Unachovya ncha kwenye kichupa baridi, unasubiri dakika kumi, basi.

Maabara ilikuwa imehangaika na dawa hiyo miaka miwili. Mezani kwetu ilishika vizuri ajabu. Ikifika saluni, ncha zilifunguka siku ya nne. Hakuna aliyejua kwa nini, na makao makuu ya Johannesburg walikuwa wamechoka kusubiri. Kama hakuna matokeo kufikia Ijumaa ya wiki ya tatu, mradi ungefungwa, na mkataba wangu pamoja nao. Mkataba uliniuma. Lakini kilichoninyima raha zaidi ni ule mkono wa Maman Félicité.

"Tuwaulize wasusi," nikasema.

"Tuliwapelekea fomu mwaka jana, Ghislaine. Zilirudi mbili."

"Si fomu. Waje humu ndani."

Akautazama mlango wa maabara, ambao una bango jekundu la kukataza wageni. Ndipo nikaanza kuzungumza. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa juu ya ubunifu wa wazi: kampuni inapokubali kwamba maarifa inayoyahitaji yanaweza kuwa nje ya geti lake, kisha ikafungua geti. Nilieleza kwamba viwanda vilivyofanya hivyo vilipunguza miaka kuwa miezi. Nilichora mishale nyuma ya ripoti yake bila kumwomba ruhusa. Sidhani kama nilivuta pumzi.

"Siku moja," akasema hatimaye, nadhani ili ninyamaze. "Jumatano. Na wasiguse kitu."

Nilirudi chumbani kwangu Queensburgh nikiwa karibu kukimbia, nikaandika tangazo la kusambaza kwenye makundi ya simu ya wasusi. Wazazi wangu ni Warundi, lakini mimi nilizaliwa na kusomeshwa Kigoma, na Kiswahili changu ni cha darasani huko. Niliandika hivi: *Kampuni yetu ina shida ya ncha za rasta zinazofunguka. Kama unaweza kutusaidia, njoo Jumatano saa nne asubuhi na ulicho nacho. Chakula cha mchana na nauli vipo.*

Nililisoma mara tatu. Nililiona zuri.

Jumatano saa nne kasoro dakika tano, mlinzi alipiga simu maabara. Alisema kuna wanawake ishirini na watatu getini, na kila mmoja ana mfuko wa plastiki uliojaa nywele chafu.

Niliteremka mbio. Maman Félicité alikuwa mbele, amevaa kama anakwenda misani, na mfuko wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote.

"Ma petite, tumefika," akasema. "Nilikusanya kwa wateja wangu wote. Mmoja alitaka kunipiga. Anasema, unakata nywele yangu unapeleka kwa nani, kwa mganga?"

"Maman, hizi ni za nini?"

"Za nini tena? Si mulisema muko na shida ya ncha zenye kufunguka?"

"Ndiyo. Tuna shida. Yaani zinatusumbua."

Wanawake wakatazamana. Médiatrice, Mrundi mwembamba mwenye saluni Pinetown, ndiye aliyeanza kucheka.

"Mwana wetu," akasema, "kwetu mtu akisema iko na shida ya maji, si anataka maji? Uliandika muko na shida ya ncha. Tukasema, eish, hawa watu wa fabrique wanataka takataka yetu, lakini bon, kila mtu na mambo yake. Tukawaletea."

"Huyu mtoto wa Tanzania," Félicité akawaambia wengine, "Kiswahili chake ni kama suti. Anavaa, lakini hawezi kukaa nayo chini."

Walicheka wote, mlinzi naye akacheka bila kuelewa neno. Mimi masikio yaliwaka moto. Niliwapandisha ngazi nikijua kwamba nimetumia siku yetu pekee kukusanya taka.

Bwana Moonsamy aliangalia mifuko iliyopangwa kwenye meza yake nyeupe. Yeye huzungumza Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nikitafsiri huku na huku, ila sura yake haikuhitaji mkalimani.

"Uliwaita waje na suluhisho," akasema.

"Niliwaita. Neno moja liliteleza."

Nikafungua mfuko wa Médiatrice, angalau nisisimame mikono mitupu. Ndani, kila kifungu cha ncha kilifungwa uzi wenye kipande cha karatasi. *Mwalimu, siku tatu. Anauza samaki, siku tano. Mwanafunzi, siku nne, anaogelea.* Niligeuza kifungu kimoja mkononi, na wazo likanijia ghafla hata nikakaa kwenye kiti cha mkuu wangu.

"Bwana Moonsamy," nikasema, "sisi tumewahi kuwa na ncha iliyofunguka?"

"Vipi?"

"Humu maabara. Hata moja. Zikifunguka saluni, mteja anazikata, zinatupwa. Sisi hapa tunapima zinazoshika. Miaka miwili tunachunguza zilizo salama."

Alivuta kiti, akaweka ncha ya mwalimu chini ya hadubini, akainama. Aliponyanyuka, alichukua ya muuza samaki. Kisha ya mwanafunzi.

"Kuna mafuta," akasema. "Zote. Mafuta chini, dawa yetu juu. Haijagusa nywele kabisa. Yametoka wapi?"

Nikatafsiri. Maman Félicité akamtazama kwa huruma.

"Ni jeli, papa. Ninyi munasuka na nini?"

Akaonyeshwa: nywele mpya kutoka kwenye boksi, na glavu za maabara.

"Na glavu?" Aligeukia wenzake. "Munasikia? Na glavu, kama anapasua mtu tumbo." Akatoa mkebe mdogo wa jeli kwenye mkoba wake, akachovya vidole na kuanza kusuka kipande cha nywele kwenye kichwa cha plastiki, kile ambacho wageni hawakupaswa kukigusa. Bwana Moonsamy alisogeza kiti chake karibu. Vidole vya Félicité vilishuka haraka, kila pindo vikipaka kidogo, na vilipofika mwisho vikasugua ncha mara mbili, tatu, ili iwe laini. "Bila jeli, mkono haupiti. Na mwisho ndiyo kunakuwa jeli mingi."

"Kwa nini hawakutuambia?" Bwana Moonsamy akauliza.

"Anasema kwa nini hamkusema."

"Waliuliza?" akajibu Félicité.

Ningeweza kuishia hapo siku hiyo nikiwa na furaha ya mwaka mzima. Lakini niliona mfuko mdogo pembeni, wenye ncha nne tu. Ulikuwa wa Agathe, mama mpole ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu getini.

"Samahani," akasema, kana kwamba ameleta mchango haba kanisani. "Kwangu hazifungukake sana. Nilitafuta, nikapata ine tu."

"Husuki na jeli?"

"Nasuka nayo kama wengine. Ila mèche, nywele ya pakiti, naiosha kwanza na vinaigre, sababu inawasha wateja kichwa. Halafu nachanganya na..." Félicité akamgusa bega kumzuia.

Siki. Mimi na Bwana Moonsamy tulitazamana, na niliona uso wake ukifunguka kama wa mtu mwenye miaka ishirini. Nywele hizo za bandia hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa kemikali, na siki huiondoa; bila kemikali hiyo jeli haigandi kwenye nywele. Siki, na kitu cha pili.

"Anachanganya na nini?" akauliza.

Maman Félicité alisimama kati ya Agathe na meza.

"Mwambie hivi, Ghislaine. Kama dawa hii inatoka, watu watasema nani aliitengeneza? Fabrique? Sisi tutainunua dukani kama wote, tuseme merci?"

Nilitafsiri kila neno, pamoja na merci. Bwana Moonsamy alisema makao makuu wana taratibu zao, kwamba jambo la wavumbuzi huchukua muda.

"Basi Agathe hajasema kitu," Félicité akasema. "Tunaomba chakula kile mulichoahidi."

Nilijua ana haki. Nilijua pia kwamba zimebaki siku kumi na sita. Nikamwambia mkuu wangu kitu ambacho sikuwa nimekiandika kwenye utafiti wangu: kwamba geti likifunguliwa upande mmoja tu, huo si ubunifu wa wazi, ni kuchukua cha mtu. Alitoka nje na simu. Wanawake walikula kuku na wali. Alirudi baada ya nusu saa, tai imelegea.

"Wamekubali," akasema. "Ikifanya kazi, majina yote ishirini na matatu yataandikishwa pamoja na yetu, na kila mmoja atapata sehemu yake. Isipofanya kazi, hakuna mradi na hakuna majina. Nimeandika, nimetia sahihi."

Félicité aliisoma karatasi mara mbili, akaipitisha mkono kwa mkono, kisha akampa Agathe ishara kwa kidevu.

"Sukari," Agathe akasema. "Kidogo tu, ndiyo inashikanisha."

Siku tisa zilizofuata sijui nizieleze vipi. Zamani, kubadilisha kiungo kimoja kulihitaji vikao na miezi mitatu. Sasa tulichanganya asubuhi, wasusi wawili walikuja mchana kujaribu, na jioni simu yangu ilijaa sauti zao. *Hii inanuka. Hii inakauka mbio, inapasuka. Hii iko sharp, nzuri kabisa, lakini inafanya nywele kuwa kama fagio.* Tulipotengeneza chupa mbili, moja ya kuosha na moja ya kufunga, Félicité alizirudisha zote. "Chupa mbili ni kazi mbili," akasema. "Hakuna mtu ananunua kazi." Tukarudi mezani, tukaziunganisha. Bwana Moonsamy alianza kufika kabla yangu. Bango jekundu lilikuwa bado mlangoni, ila mtu alikuwa ametundika koti juu yake.

Jumamosi Félicité alimsuka Grâce, anayefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Mvuke kutwa nzima. Tulimchagua kwa sababu hiyo hasa.

Ijumaa ilikuwa siku ya sita. Bwana Moonsamy alipanda ngazi hadi saluni ya Félicité, ghorofa ya pili juu ya duka la simu, akihema. Johannesburg walikuwa kwenye simu yake, sauti imefunguliwa, na aliiweka kwenye rafu ya kioo kati ya vitana. Wasusi walikuwa wamejaa hadi mlangoni.

"Samahani, mama," akamwambia Grâce, na akanyanyua rasta ya kwanza. Akaisugua ncha kwa kidole gumba. Akaivuta. Ikashika. Akachukua ya pili. Mimi nilihesabu kwa sauti ndogo, kisha nikagundua kwamba chumba kizima kinahesabu nami, kwa Kiswahili na Kifaransa na Kirundi.

Rasta themanini na nne. Tatu zilifunguka.

"Hizo tatu," Félicité akasema, "nilisuka nikiongea na dada yangu Bukavu."

Bwana Moonsamy hakungoja tafsiri. Aliinamia simu na kusema themanini na moja kati ya themanini na nne, katika mvuke, na kwamba anaomba majina yaandikwe sasa hivi, kabla hajashuka ngazi. Nikafungua kompyuta yangu mapajani. Nikaanza kuandika Felicite.

"Hapana," akasema Maman Félicité, akija nyuma yangu. "Iko na accent mbili, juu ya e. Mama yangu alinipa zote."

Nikafuta, nikaandika upya. Baadaye Agathe, ambaye alitaka h yake isisahaulike. Baadaye Médiatrice, na accent moja, na jina la babu yake ambalo lina silabi sita. Tulikuwa tumefika jina la kumi na moja, na Johannesburg walikuwa bado wanasubiri.