Taa Iliyodhani Ni Mchana

Taa ilikuja watu walipokwisha kuchoka kuiomba. Fundi wa friji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Nyota kwa sababu ya darubini yake, ndiye aliyeiomba kuliko wote. Alikwenda ofisi ya mji mara nyingi mpaka mlinzi wa getini akawa anamwita "mwenzetu". Leo bajeti haijapita, kesho mkubwa yuko semina, keshokutwa rudi wiki ijayo. Kisha jioni moja mkewe akabanwa na kifua. Gari la wagonjwa likaitwa, dereva akazunguka vichochoroni gizani akitafuta nyumba isiyo na namba katika mtaa usio na taa. Alipoipata, mke alikuwa ameshanyamaza.

Hata mwaka haujaisha, wakubwa wakaleta mlingoti. Wakauchimbia mbele ya geti lake hasa, kama watu waliokuja kumzomea.

"Umeshinda, Mzee Nyota!" mama mshonaji wa nyumba ya pili alimwita kutoka barazani, pumzi ikimkatika kwa ile pumu yake. "Sasa utaona ninavyopendeza usiku!"

"Nimeshinda nini? Wangeileta nikiwa bado na mtu wa kumulikiwa."

Tena taa yenyewe ilikuja na balaa lake. Uani kwa fundi palikuwa na nguzo fupi ya zege, waliyoimwaga yeye na mkewe kwa mikono yao, na juu ya nguzo darubini na kamera ya mtumba, zikizungushwa polepole na mota ili zifuate nyota. Walikuwa wakipiga picha ya galaksi moja hafifu mno. Mkewe ndiye aliyeichagua. "Zile zinazong'aa kila mtu anazo," alisema. "Mimi nataka hii isiyo na wenyewe."

Picha moja haikuonyesha kitu, weusi tu na chengachenga. Ilibidi wapige nyingi, leo na kesho na keshokutwa, kisha wazilundike kwenye kompyuta moja juu ya nyingine, mpaka ule mwanga uliochoka njiani ujikusanye na kuwa kitu. Mke alikufa wakiwa nusu ya kazi. Galaksi ilikuwa doa tu, kama alama ya kidole kwenye kioo kilichofutwa vibaya. Fundi alijiapiza kuimaliza, mwanga aliokusanya mkewe na aliokusanya yeye ukae katika picha moja. Msimu wa mbingu safi ulikuwa unayoyoma, galaksi inashuka nyuma ya mapaa, na kwa taa ile hapakuwa na mwakani wa kungojea.

Siku taa ilipowashwa, picha zote zilitoka nyeupe kama maziwa.

Akarudi ofisini.

"Mzee, si wewe uliyetaka taa?" afisa aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Nilitaka imulike njia, siyo uani kwangu. Iwekeeni kofia upande mmoja. Kipande cha bati tu."

"Kofia haimo kwenye mkataba."

"Bati nitakata mwenyewe."

"Ukigusa mlingoti ule, mzee wangu, hiyo ni kesi."

Basi hakuugusa. Lakini alikuwa fundi, na alijua taa za namna ile zina kijicho juu ya kichwa kinachopima mwanga: kukicha zinazima, giza likiingia zinawaka. Alichukua kurunzi yake kali, akaichomeka ndani ya kipande cha bomba ili mwanga usitawanyike, akapanda paani akaifunga, akailenga kwenye kile kijicho. Taa ikadhani ni mchana. Ikazima.

Mtaa ukaanza kulalama. "Hata haijashika vumbi, imekufa!" "Mali ya wakubwa hiyo, rangi tu." Fundi aliyasikia haya akiwa uani, karibu na kamera yake, na hakuna aliyemshuku. Tena walimjia.

Aliyetumwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini na kurudi nyumbani kila siku giza likiwa limeshatanda.

"Shemeji, nenda ukawawashie moto kule ofisini. Wewe ndiye mdomo wetu."

"Nitakwenda."

"Lini? Jana nimetembea na kiatu mkononi, natafuta wa kumpiga nacho."

Fundi akacheka, kisha akavitazama viatu vya shemeji. Akaenda kweli ofisini, akafoka kama desturi yake, akaambiwa mafundi watakuja. Alijua hawatakuja. Kwa mara ya kwanza maishani, uzembe wao ulimfaa.

Doa kwenye kompyuta likaanza kuota kiini, na upande mmoja wa kiini ukachomoza kitu kama mkono. Zilibaki jioni chache tu.

Moja ya jioni hizo, kamera ikiwa imefungua jicho, alisikia king'ora. Kikapita barabara kubwa, kikaingia kichochoro cha nyuma, kikarudi. Kikapita tena. Fundi alikaa kwenye kreti lake, mikono katikati ya magoti. Sauti ile aliijua. Alijiambia gari litaipata nyumba, mbona dereva ana simu. King'ora kikaenda mbali zaidi.

Geti likagongwa kwa ngumi. Alikuwa shemeji.

"Mama mshonaji kabanwa! Gari linazunguka, halituoni! Leta ile kurunzi yako kubwa nikasimame barabarani!"

Fundi akatupa jicho paani.

"Shemeji! Kurunzi!"

Hapakuwa na la kufanya. Akaegemeza ngazi, akapanda, akaichomoa kurunzi kutoka kwenye bomba mbele ya macho ya shemeji. Ile taa ya mtaa ikasita, ikapepesa, ikawaka. Uani kukawa kweupe, na kamera ingali wazi.

Shemeji aliitazama taa, akalitazama bomba, akamtazama mtu aliyekuwa juu ya ngazi.

"Kumbe ni wewe," alisema. Akampokonya kurunzi, akakimbia.

Mama mshonaji alipona, kupona kwa kusemwa tu. Alirudi akiwa mwembamba, cherehani hawezi tena kuikanyaga. Alimsimamisha fundi getini. "Nasikia uliwafokea mpaka wakawasha. Mungu akuweke." Shemeji alikuwa kando amembebea mfuko. Akangoja mgonjwa aingie ndani.

"Shemeji," fundi alianza, "ilibaki kidogo tu. Na ile picha ni ya dada yako."

"Dada alikufa nimemshika mkono, sote wawili tunasikiliza king'ora kikizunguka. Na juzi ukakisikia tena. Ukakaa."

"Niliwaomba kofia wakanikatalia. Ofisi ndiyo—"

"Ofisi haikupanda paa."

Akaondoka. Zamani alikuwa akipita kila Jumapili kumfagilia na kumwachia chakula cha jioni. Hakupita tena.

Fundi alizilundika zile picha alizokuwa nazo. Ile ya mwisho, iliyojaa taa, kompyuta iliikataa, naye hakubishana nayo. Galaksi ilitokea: kiini, mkono mmoja, na upande wa pili ambako mkono mwingine ungekuwa, chengachenga tu. Aliitazama mpaka chai ikapoa. Alitaka kumwita mtu aone.

Nyayo zikasikika nje. Alisogeza pazia. Shemeji alikuwa anatoka kazini, anapita chini ya taa, viatu vyote miguuni, na uso wake ulionekana vizuri kabisa. Geti hakulitazama. Fundi alirudisha pazia, lakini mwanga wa taa ulipenya vilevile, ukatua juu ya kioo cha kompyuta, na galaksi haikuonekana tena.