Mfungwa Aliyetafutwa na Mkewe

Bujiku Lushinge alirudi nyumbani kwake Bugarama wiki moja kabla ya Pasaka ya mwaka 1953, baada ya kupotea karibu miezi minne. Alikuwa ameondoka mwanzoni mwa Desemba kwenda kutafuta dume lake la ng'ombe lililokata kamba. Dume lilirudi lenyewe siku ya tatu. Bujiku hakurudi. Mkewe, Paskazia, alipanda karanga bila yeye, akazipalilia bila yeye, akakesha na mtoto wao Mageni alipougua surua, na kila Jumapili akajibu maswali ya watu nje ya kanisa mpaka akachoka kujibu.

Kwa hiyo mumewe alipotokea uani mchana ule, akiwa na fimbo begani na shati jipya, Paskazia alitaka kufurahi. Kilichomzuia ni mashavu. Bujiku aliondoka mwembamba kama mpini wa jembe, naye sasa alikuwa amenona. Hata shingo ilikuwa imeongezeka.

"Ulikuwa wapi, Baba Mageni?"

"Jela," Bujiku akasema, akaketi.

"Jela gani?"

"Huko Geita. Nilifuata nyayo za ng'ombe, zikanipitisha kwenye uzio wa mgodi. Wakanikamata. Baraza la Ikolongo likanifunga miezi minne."

"Miezi minne kwa kuruka uzio?"

"Serikali ya siku hizi ni kali, mke wangu."

"Na jela wanakulisha nini, samli?"

Bujiku akatazama juu ya paa kana kwamba ndiyo kwanza analiona, akasema majani yanahitaji kubadilishwa.

Habari zikaenea. Jirani yao Ngassa, mzee wa kanisa aliyependa sana habari za wenzake, alikuja kumpa Bujiku pole, akamzunguka mara mbili akimtazama kama anayetaka kununua fahali. Jioni yake kilabuni alitangaza kwamba jela ile lazima iwe na vitenge mlangoni na ushanga kiunoni. Watu wakacheka hadi wakamwaga pombe. Kesho yake Paskazia aliposikia, hakulia. Mama mkwe alimsihi ayaache, mume akirudi na miguu miwili inatosha.

"Hapana, mama," Paskazia alijibu. "Kama alifungwa, kuna karani aliyeandika. Nitakwenda kusoma."

Kusoma alijua. Mapadri walimfundisha alipokuwa msichana, na ingawa alisoma polepole huku midomo ikichezacheza, hakuna neno lililowahi kumshinda. Alimwachia bibi mtoto, akajaza kikapu michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na Jumanne baada ya Pasaka akapanda lori la pamba. Bujiku alipomwona anapanda alikimbia nyuma ya lori akipiga kelele, "Mama Mageni! Huko mbali! Barabara mbaya!" Lori likamwachia vumbi.

Baraza la Ikolongo lilikuwa nyumba moja ndefu ya udongo iliyopakwa chokaa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Geita. Upande mmoja walisikilizia kesi, upande mwingine kulikuwa na chumba cha wafungwa, na nyuma kulikuwa na jiko. Hakimu alikuwa amesafiri. Mlangoni alikuwapo tarishi mzee, Marselino, mwenye koti la kaki lisilo na kifungo hata kimoja. Ndani, nyuma ya meza, aliketi karani Bartholomeo, kijana kutoka Bukoba, mwenye kalamu tatu mfukoni na wino kwenye sikio.

Paskazia aliwasalimu wote wawili, akaeleza shida yake. Karani akaweka kalamu chini.

"Mama, nina miaka sita katika kazi hii. Wanawake wanakuja hapa kuniomba nifute majina ya waume zao. Wewe unataka kumkuta wako humu?"

"Ndiyo, Bwana Karani. Nikimkuta, nitamshukuru Mungu."

"Na usipomkuta?"

"Nitamshukuru Mungu nikiwa njiani kwenda kumkata masikio."

Marselino akakohoa. Karani alifikiri kidogo, akafungua kabati, akatoa daftari kubwa lenye jalada jeusi lililoliwa na mchwa pembeni.

"Alishtakiwa tarehe ngapi?"

"Sijui."

"Mama, kitabu hiki kinakwenda kwa tarehe. Hakiendi kwa majina."

"Aliondoka siku tulipomaliza kupanda mtama."

"Kitabu hakina mtama."

Paskazia akafumba macho, akahesabu kwa vidole. "Ilikuwa kesho yake baada ya Jumapili ya kwanza ya Majilio."

"Hapo sasa tunaelewana," akasema karani, ambaye naye alikuwa Mkatoliki. Akafungua Desemba. Kisha akajuta, kwa sababu mgeni wake alikwisha vuta kigoda na kuja kukaa upande wake wa meza. "Haya, soma. Lakini unachosoma humu kinabaki humu."

Paskazia akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Mtu mmoja alifungwa siku tano kwa kumpiga mkwewe na samaki. Mwingine alionywa kwa kucheza ngoma penye matanga. Wanawake wawili walishtakiana kwa sababu ya jogoo, na jogoo akaletwa barazani kama shahidi, akatoroka. Alisoma kwa raha kiasi kwamba kuna wakati alisahau amefuata nini. Alifika Krismasi bila kumwona Bujiku. Akafika mwisho wa Januari. Hakuna Bujiku.

Akarudi nyuma, labda ameruka ukurasa, na kwa haraka yake akafungua mbali mno, mwaka 1949. Hapo kidole chake kikagota kwenye jina analolijua: Ngassa wa Bugarama, kulewa na kumwimbia tarishi nyimbo za matusi, siku saba.

Akalisoma mara mbili, uso ukilegea kidogo. Kisha akakumbuka mashavu ya mumewe, uso ukakaza tena.

"Hayumo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Bwana Karani, mume wangu hayumo. Basi alikuwa kwa mwanamke."

Bartholomeo, ambaye hakupenda kuona mtu mzima akitaka kulia juu ya karatasi zake, alijishughulisha na Desemba. "Tusome pamoja. Huyu wa tarehe tisa alikamatwa ndani ya uzio wa mgodi, lakini si wako. Anaitwa Usiku."

"Nani?"

"Usiku bin Lushinge."

Paskazia alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka. "Usiku! Nani alikwambia anaitwa Usiku?"

"Mimi Kisukuma sikijui, mama. Tarishi ndiye anayetafsiri."

Wote wakamgeukia Marselino mlangoni. Mzee akajikuna kidevu. "Mshtakiwa alisema 'Bujiku'. Mimi nikamtafsiria karani kwa Kiswahili. Bujiku si ndiyo usiku?"

"Baba, lilikuwa jina la mtu!"

"Hakimu aliniambia nitafsiri kila neno, mayu," akasema mzee, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hakuniambia niache mengine."

Paskazia alicheka hadi machozi yakamtoka, na kwa kuwa yalikuwa yamekwisha karibia, hakuna aliyejua yapi ni ya kicheko. Mumewe alikuwa amefungwa kweli. Aliruka uzio wa mgodi akifuata ng'ombe, kama alivyosema. Akainama amalizie mstari: wiki tatu. Ameachiwa tarehe 30 Desemba.

Kicheko kikakatika.

"Wiki tatu," akasema. "Mimi nimemwona mwishoni mwa Machi. Januari yote alikuwa wapi? Na Februari?"

Karani akafunga kitabu taratibu. Marselino akageuka kutazama kuku barabarani. Wote wawili walikwepa macho yake kwa namna ambayo mwanamke aliyeolewa miaka kumi na miwili anaijua.

"Mnajua," Paskazia akasema. "Nyinyi wawili mnajua. Ni mwanamke gani?"

"Si mwanamke," akasema karani. "Lakini alituapisha."

"Nami naapa siondoki hapa. Usiku nitalala juu ya meza hii."

Karani akaitazama meza yake, akamtazama tarishi. "Marselino, mpeleke jikoni."

Jikoni mfungwa mmoja alikuwa akipakua chakula cha mchana. Marselino alimpa mgeni bakuli la nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, na tonge la ugali. Paskazia alikuwa na njaa ya siku mbili za michembe. Alionja. Akaacha kutafuna.

"Nani kapika?"

"Huyu bwana. Lakini aliyemfundisha ni mumeo." Marselino akaketi kwenye gogo, akaonekana amefurahi kuutua mzigo. "Mpishi wetu alitoroka mwanzoni mwa Desemba. Wafungwa wakawekwa kupika kwa zamu. Wiki ya kwanza tulikula uji unaokatwa kwa panga. Ikafika zamu ya Bujiku. Unga uleule, maharage yaleyale, na karanga za shamba la baraza. Mayu, hakimu mwenyewe alituma bakuli! Siku ya kuachiwa tukamwomba akae wiki moja tu, tumtafute mpishi mwingine. Akakubali. Wiki ikaisha, tukamwomba tena. Kila siku anasema kesho naondoka, na kila siku mtu anamwambia, pika tu ya leo. Kuna mtu alimaliza kifungo chake akakataa kutoka mpaka ale chakula cha jioni."

"Bujiku wangu?" Paskazia akauliza. "Bujiku ambaye sijawahi kumwona hata akichochea moto?"

"Huyohuyo. Na mkali! Ukitia chumvi mapema anakupiga mkono. 'Mke wangu haweki chumvi mpaka karanga zichemke mara mbili,' anasema. 'Mke wangu hafuniki hapo. Mke wangu anakoroga kulia.' Tulikuwa tunakujua kabla hujaja."

Paskazia akatazama bakuli lake. Ilikuwa nsansa yake, kweli. Mapishi aliyopewa na mama yake, ambayo hakumfundisha mtu. Kumbe miaka yote ile, Bujiku alipokaa pale mlangoni akinoa panga ambalo lilikuwa kali tayari, alikuwa anatazama.

"Kwa nini hakuleta habari?"

"Aliona haya. Mwanamume wa Kisukuma kuitwa mpishi! Na kila wiki ilivyopita, aliogopa zaidi kurudi kukueleza. Mwishowe mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimwambia, karanga za nyumbani zimekomaa bila wewe."

Paskazia aliwaachia michembe iliyobaki. Kabla hajaondoka alimtaka karani aandike juu ya neno Usiku jina la mumewe kama alivyopewa na wazazi wake. Bartholomeo alisema kitabu cha baraza hakiguswi. Paskazia akakaa tena kwenye kigoda. Karani akachukua kalamu, akaandika "Bujiku" pembeni kwa herufi ndogo sana.

Alifika Bugarama Ijumaa alasiri. Bujiku alikuwa juu ya nyumba, akibadilisha majani ya paa kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana.

"Nimekuona kitabuni," Paskazia akaita kutoka chini.

Uso wa Bujiku ukang'aa. "Si nilikwambia?"

"Wiki tatu."

Bujiku akainamia tena majani yake.

"Na jikoni pia nimekuona."

Bujiku aliteleza, akashika boriti, akabaki ananing'inia miguu ikitafuta ngazi. "Umemwambia nani?" akanong'ona.

"Bado."

"Mama Mageni, nakuomba. Waambie nilifungwa miezi minne. Waambie mwaka! Waambie niliiba dhahabu! Lakini lile jambo la jikoni, nakuomba, nitafanya lolote."

Paskazia alikuwa amefikiria jibu njia nzima, juu ya magunia, na hasira yake haikuwa imeisha. "Nimepalilia peke yangu, Baba Mageni. Nimemuuguza mtoto peke yangu. Wewe ulikuwa unaogopa haya, mimi nilikuwa nadhani umekufa. Halafu nikadhani una mke mwingine. Sijui lipi liliniuma zaidi."

Bujiku akashuka. Alisimama mbele yake, nywele zimejaa majani, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hakutazama paa. "Nimekosa," akasema. "Sina neno jingine."

"Pamba utavuna wewe. Yote. Kuni utaleta wewe."

"Nitavuna. Nitaleta."

"Na siku za mvua, mlango ukiwa umefungwa, nsansa utapika wewe."

Bujiku akageuka kushoto na kulia kuona kama kuna anayesikia. "Karanga zipo?" akauliza kwa sauti ya chini, na Paskazia aliona kwamba amefurahi.

Jumapili, nje ya kanisa, Ngassa aliwasubiri na kundi lake. "Enhe, Mama Mageni, jela ya mumeo umeikuta? Ina ushanga?"

"Shikamoo, baba," Paskazia akajibu kwa adabu. "Nimeikuta. Ni jela kweli, amefungwa kweli, nimesoma kwa macho yangu. Vitabu vyao wanavitunza vizuri sana, vinarudi hadi mwaka arobaini na tisa. Tarishi Marselino anakusalimu. Anauliza kama bado unaimba."

Ngassa akasema jua limekuwa kali, akaenda zake nyumbani bila kuaga, na tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kilabuni kusema kwamba mtu akishatumikia kifungo chake asisumbuliwe.

Mvua ilinyesha Jumanne. Paskazia alifunga mlango, akakaa kwenye kigoda na Mageni mapajani, akamwonyesha mumewe kwa kidole mahali pa kuweka chungu. Bujiku alisema chungu hakikai hivyo, moto utakula upande mmoja. Wakabishana. Waligombana juu ya chumvi, juu ya kuni mbichi, juu ya nani amezidisha maji, na walikuwa bado wanagombana mtu alipobisha hodi. Bujiku akautupa mwiko mikononi mwa mkewe, akadaka panga lake, akaanza kunoa.