Mwalimu Debora na Watoto Saba wa Mamboya

Andiko la mradi lilikuwa limekamilika, kasoro nafasi moja tu: idadi ya watoto viziwi katika shule yao ya msingi, kule Mamboya milimani. Mwalimu Debora alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya steshenari moja mjini Kilosa tangu asubuhi. Kando yake alikaa mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Thadeo, kofia yake ikiwa magotini. Walikuwa wanaomba kujengewa darasa la watoto hao na kuletewa mwalimu wa lugha ya alama.

"Andika arobaini," Mzee Thadeo alisema.

"Mwenyekiti, wako saba."

"Najua wako saba. Si mimi niliyewapitia nyumba kwa nyumba? Lakini hakuna mfadhili atakayejenga darasa kwa ajili ya watoto saba. Wenzetu wanaandika hivyo hivyo, na majengo yao tunayaona."

Debora alimheshimu sana mzee huyu. Ndiye aliyewabembeleza wazazi wawatoe watoto hao ndani, wakati watu wakisema kiziwi hafundishiki. Lakini siku mgeni akija kukagua, hao thelathini na watatu wangetoka wapi? Na wakikosekana, nani angewasadiki hata hao saba waliopo?

Akaandika saba. Kisha, kwenye sehemu ya maelezo, akaeleza habari za kila mtoto kwa jina lake. Imani, miaka tisa, anahesabu kwa vidole hadi mia. Samwel, mwaka wa tatu sasa yuko darasa la pili, kwa sababu hakuna anayejua kama anaelewa au haelewi. Akaendelea hivyo mpaka wa mwisho.

Mzee Thadeo alivaa kofia yake. "Basi wazazi utawaeleza wewe mwenyewe," alisema, akatangulia stendi.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Shirika waliloliomba, lenye ofisi yake Mikumi, lilishukuru kwa maombi, likaeleza kwamba fedha za majengo hutolewa kwa shule zenye watoto wa aina hiyo ishirini na kuendelea. Debora aliisoma barua mbele ya wazazi, macho yake yakiwa kwenye karatasi. Mama mmoja aliuliza kama kukosea herufi kunaweza kuwa sababu. Mzee Thadeo hakusema "nilikwambia".

Siku nne baadaye simu yake iliita akiwa anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, naitwa Angela, afisa miradi, Mikumi. Mwaka huu nimesoma maandiko sitini. La kwako peke yake ndilo lina majina ya watoto."

"Asante, dada. Lakini tumekosa."

"Darasa mmekosa, na kwa hilo sina la kufanya. Nimepiga kwa jambo jingine. Tuna ufadhili wa mtu mmoja mmoja, kwa walimu wanaotaka kusomea lugha ya alama. Miezi tisa, Morogoro mjini. Mwisho wa kutuma fomu ni Ijumaa." Angela akaendelea. "Mmeomba kuletewa mwalimu. Hujawahi kufikiri kwamba mwalimu huyo anaweza kuwa wewe?"

Kwa kweli hakuwahi. Siku zote alijiona kama mtu wa kuwaombea wengine. Aliijaza fomu Alhamisi, akisimamisha kalamu kila alipofika penye neno "mimi".

Wakamwita Mikumi kwenye usaili. Watu watatu walimsikiliza kwa upole, na mwisho Angela akauliza, "Ukiondoka miezi tisa, nani atakaa na hao watoto?"

"Sijui," Debora alisema. "Nikiondoka bila mtu, watarudi nyumbani, na wakirudi nyumbani sidhani kama nitawapata tena."

Walitazamana. Wakampa wiki mbili alete jibu.

Kesho yake jioni alifika nyumbani kwa Rafaeli, baba yake Imani, akamkuta anapepeta maharage. Rafaeli alikuwa anamsimulia binti yake jambo. Aliweka vidole viwili kichwani vikawa pembe, akatambaza mkono kama mnyama anayeingia shambani kwa kunyata, kisha akajishika kiuno kama jirani aliyekasirika. Imani alicheka mpaka akakaa chini. Debora alikwishawaona wakifanya hivyo mara nyingi, akidhani ni mambo ya nyumbani tu. Siku hiyo alisimama akatazama.

"Baba Imani, alama hizo mmezipata wapi?"

"Tumezitunga wenyewe, Mwalimu. Mtoto angekaaje miaka yote hii bila kuongea na baba yake?"

Akamwomba akae na watoto darasani asubuhi, kwa miezi tisa. Rafaeli aliangalia mikono yake. "Mimi niliishia darasa la nne."

"Walimu wenzangu watafundisha hesabu na kusoma. Wewe nataka uongee nao, wasiache kuja."

"Na shamba?"

Swali hilo Debora alilipeleka kwa Mzee Thadeo, pamoja na barua ya majibu kwa Mikumi, iliyohitaji sahihi ya kamati.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa."

Mzee aliisoma barua mara mbili, akatia sahihi. "Shamba la Rafaeli kamati italilima kwa zamu. Mimi nitaanza." Akairudisha barua, lakini hakuiachia mara moja. "Ile arobaini niliyokwambia. Nililitaka lile darasa mno."

"Najua, Mwenyekiti. Hata mimi nililitaka."

Ufadhili ukatoka, na ruhusa ya halmashauri ikafuata. Januari Debora akaenda Morogoro. Miezi ya kwanza ilimchosha. Vidole vilikuwa vizito, akakosea mbele ya vijana waliomzidi wepesi. Aliporudi likizo ya Pasaka, alikwenda moja kwa moja kwenye stoo ya zamani waliyoisafisha iwe darasa. Watoto wote walikuwepo, na Rafaeli kati yao.

Debora akasimama mbele, akawaonyesha alama ya maji, ya mama, ya shule. Imani alikunja uso, akaonyesha alama yake ya maji, ile ya nyumbani. Debora akaiiga, kisha akarudia ya kwake, na mtoto akakubali kwamba zote mbili zikae.

Nyuma ya darasa, Rafaeli aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "hiyo ya mama. Irudie polepole, sijaishika."