Unyoya wa Mama Sindano

Mzazi mwenzangu, kupenda kitu hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale unapokipenda mpaka mtoto wa tumbo lako unamwona kama anakukinga usikione. Yaliyompata Mama Sindano yalianza hivyo, kwa kupenda tu, wala hakuna mtu aliyemloga.

Alikuwa fundi cherehani, ana chumba cha kazi mbele na vya kulala nyuma. Aliishi na bintiye, mrefu, mwembamba, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, na jina la mama likatokea hapo. Binti alikuwa amesomea kuchora ramani za nyumba, sasa anatafuta kazi. Kompyuta walikuwa nayo moja tu. Mama akiwekea picha za mishono, binti akichorea ramani zake.

Kompyuta yenyewe ilikuwa aina ya Tausi. Ukiifungua, mkia wa tausi unachanua kwenye skrini taratibu, rangi moja baada ya nyingine, na sauti inatoka kama mtu anashusha pumzi. Siku ya kwanza Mama Sindano aliifunga na kuifungua mpaka chai yake ikapoa. Mwenye studio ya picha, aliyemuuzia, alimwambia, "Sasa umeingia kwenye familia, dada."

Na kweli ilikuwa familia. Kila Jumamosi mchana wenye Tausi walikutana nyuma ya ile studio. Mwenye studio ndiye Mwenyekiti. Alikuwepo fundi wa kompyuta waliyemwita Daktari, mama mmoja muuza dawa, mwalimu, dereva, na wengine. Kompyuta za kampuni nyingine zote waliziita madebe.

"Jirani yako bado analo lile debe lake?"

"Analo. Juzi limempigia kelele mpaka paka amehama."

Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama Sindano aliishia shule ya msingi. Huko nje, wasomi wenye miwani walizungumza naye kuhusu urefu wa mikono na upana wa kiuno, basi. Lakini pale muuza dawa alimgeukia akamuuliza, "Eti mama, mwanga wa skrini wewe unauweka wapi?" na akasubiri jibu. Jambo dogo, lakini lilimfanya atembee kichwa juu hadi nyumbani.

Familia ile ilikuwa na ukaguzi wake. Siku ya ukaguzi kila mtu aliweka Tausi yake wazi kwenye meza ndefu, Mwenyekiti akapita akiangalia vumbi, mikwaruzo, na zaidi ya yote, kunguru. Kunguru ni programu yoyote ambayo haikutengenezwa na kampuni ya Tausi. Kunguru hakai na tausi, walisema, na ukimfukuza, mfukuze na kiota chake. Maana yake, ufute programu na folda yake yote, lisibaki hata jani. Ambaye mashine yake ilikutwa safi kuliko zote alibandikwa kifuani pini ya unyoya.

Mama Sindano aliutaka ule unyoya. Aliutaka mpaka akiwa anapima wateja alijiona ameuvaa.

Tatizo, kompyuta yake ilikuwa na kunguru. Ofisi moja ya ramani ilimpa Sindano kazi ya majaribio: achore nyumba nzima, msingi, kuta, paa na sura za nje, aipeleke Ijumaa. Ikipendeza, ameajiriwa. Michoro ya programu ya Tausi haikufunguka kwenye mashine za ofisi ile, kwa hiyo Sindano aliweka nyingine, ya nje.

"Si ungetumia ya humu humu?" mama alisema.

"Mama, wao hawaioni. Nitawapelekea karatasi nyeupe."

"Basi tatizo ni lao. Wana madebe."

"Hayo madebe ndiyo yanayoajiri, mama."

Alitaka pia kuhifadhi nakala kwenye flashi, lakini tundu la Tausi halikubali flashi za kawaida, linataka kiunganishi chake. Alimwomba mama amnunulie. Mama alilisema kwenye familia, wakamcheka kwa upendo, wakamwambia Tausi haihitaji mguu wa bandia. Akarudi nyumbani akamwambia binti yake vilevile, kwa kicheko kilekile. Sindano hakucheka, ila hakuomba tena.

Ikafika Jumamosi ya ukaguzi, Ijumaa ya kupeleka kazi ikiwa bado siku sita. Sindano alikuwa ameenda kulala kwa shangazi yake, aliyekuwa mgonjwa. Mama alifuta vumbi kwa kitambaa laini cha bitana, akasafisha katikati ya vitufe kwa brashi ya kusafishia cherehani, mashine ikang'aa. Kisha akaingia ndani yake kumtafuta kunguru. Alimwona. Akamkamata, na kiota akakikamata.

Mashine ikamuuliza kama ana uhakika.

Hapa ndipo pa kusikiliza vizuri, mzazi mwenzangu. Mama Sindano hakuwa mjinga. Alijua kusoma, na aliona kwenye kile kiota majina ya michoro: msingi, ukuta wa mbele, paa. Mkono ulisita. Akajisemea, huyu mtoto ni mwangalifu, lazima ameweka na kwingine. Akajua papo hapo kwamba hajaweka kwingine, maana kiunganishi hakununuliwa. Alivijua vyote viwili kwa pamoja, na kidole kikabonyeza.

Mchana ule unyoya ulibandikwa kwenye kifua chake. Muuza dawa alimkumbatia. Alipigwa picha akiwa peke yake, akiwa na Mwenyekiti, akiwa ameshika mashine kama mtoto mchanga, na video ndefu ya watu wakimpigia makofi. Zote aliziingiza kwenye Tausi yake jioni ileile, akazitazama mara nyingi. Kila alipoacha kuzitazama moyo ulimdunda, basi akazitazama tena.

Sindano alirudi Jumapili. Mama alikuwa kwenye cherehani, anasikia kila kitu kupitia pazia: kompyuta ikishusha pumzi yake, kisha kimya, kisha vitufe vikibonyezwa haraka haraka, kisha kimya kingine kirefu.

"Mama. Kazi yangu haipo."

"Haipo vipi?"

"Programu haipo, folda haipo. Hakuna kitu."

Angeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini unyoya ulikuwa kifuani, na binti alikuwa amesimama mlangoni na uso uliopauka, na mama akaogopa ule uso kuliko alivyoogopa dhambi.

"Nilikwambia mimi," alisema, macho kwenye mshono. "Vitu vya nje hivyo. Vinakula na kujila vyenyewe."

Wallahi, Sindano aliamini. Hilo ndilo lililomtafuna mama kuliko yote, kwamba mtoto aliamini. Alikaa chini ukutani akajilaumu kwa sauti ndogo, kwamba amejitakia, kwamba mama alimwonya. Tena akasema, "Nisamehe mama, nimekuharibia mashine yako."

Mama akasema, "Yamepita, mwanangu." Akaendelea kushona, na baadaye aligundua mkono wa gauni la mteja ameushonea shingoni.

Siku zilizofuata Sindano alianza kuchora upya kwa penseli, usiku na mchana, macho mekundu, na mama akimpelekea chai aliona aibu hata ya kuweka kikombe mezani. Alivua unyoya, akaona binti atauliza kwa nini, akauvaa tena. Alitaka kusema asubuhi, akasogeza mchana. Mchana mteja akaja. Hivi ndivyo uongo unavyokaa nyumbani, hauhitaji kulishwa, unahitaji tu kila mtu awe na shughuli.

Jumatano Sindano alisema, "Mama, twende kwa Daktari. Labda anaweza kuitoa."

Daktari alikuwa na kibanda kilichojaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Alifurahi kuwaona.

"Mwenye unyoya huyo. Karibu, mama yangu. Nani anaumwa?"

Sindano alieleza yote, jinsi alivyoweka kunguru, jinsi kunguru alivyokula kazi. Alijieleza kama mtoto aliyevunja sahani. Daktari alimsikiliza, akakuna kidevu.

"Sikiliza mdogo wangu. Nijibu jambo moja kwanza. Kama mashine imekula yenyewe, diski imeoza. Naitoa, natupa, naweka nyingine, na kazi yako ndiyo basi tena. Lakini kama kuna mtu alifuta, hiyo ni habari tofauti. Kitu kikifutwa hakiondoki siku hiyo hiyo. Kinabaki chini, kimelala, mpaka kitu kingine kije kukaa juu yake. Hapo naweza kuchimba. Sasa ni lipi?"

"Ilikula yenyewe," alisema Sindano.

Daktari akachukua bisibisi.

Mama Sindano aliitazama ile bisibisi ikiingia kwenye skrubu ya kwanza. Nje watu walipita wakiongea mambo yao.

"Acha," alisema. "Haikujila. Nilifuta mimi."

Daktari aliinua kichwa. Sindano hakugeuka.

"Nilifuta Jumamosi asubuhi," mama aliendelea, sauti ikikwaruza. "Kwa ajili ya ukaguzi. Na niliona majina. Niliona na nikafuta."

Daktari, ambaye naye kwenye familia ile alikuwa ameimba wimbo wa kunguru na kiota kuliko wote, aliirudisha skrubu mahali pake akiangalia vidole vyake.

"Na baada ya kufuta, mama, uliitumia?"

"Niliweka picha."

"Picha kidogo?"

"Nyingi. Na video. Ile ya makofi."

Daktari akashusha pumzi. "Ungeniambia siku ileile," alisema, akaiwasha mashine.

Alichimba mchana kutwa. Mama na binti walikaa kwenye benchi moja bila kugusana. Mwishowe aliwaita. Msingi ulipatikana mzima. Kuta za ndani, nusu. Paa na sura zote za nje, majina yalikuwepo lakini ndani hamna kitu.

"Kuna nini mahali pake?" aliuliza Sindano. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mama akiri.

Daktari alimtazama mama kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Zile picha," alisema.

Ijumaa Sindano alikwenda na msingi, nusu ya kuta, na karatasi za penseli. Walimpokea vizuri, wakasifu mkono wake, wakampa nafasi mtu aliyeleta mchoro wa nyumba kamili. Wakamwambia wakipata nafasi nyingine watampa tena jaribio. Aliyasema haya kwa mama yake kwa heshima zote, akivua viatu, kama anayemsimulia mgeni. Mama alikuwa amejiandaa kwa makelele. Angeyapokea makelele kama maji ya kunywa.

Jumamosi ikafika. Sindano alikaa na kompyuta, kunguru amerudishwa na kiota kipya, anachora ile nyumba upya ili iwepo watakapomwita. Mama alikaa kwenye cherehani. Unyoya alikuwa ameurudisha kwa Mwenyekiti, ambaye alisema, "Dada, lakini mashine ilikuwa safi kweli," na hakuelewa kwa nini alitazamwa vile. Na ukweli usifichwe, mzazi mwenzangu: saa za mkutano zilipokaribia, miguu ya Mama Sindano ilitaka kwenda. Alivisikia vicheko vyao kichwani. Hilo lilimtia aibu mpya juu ya ile ya zamani.

"Mama, leo huendi?" Sindano aliuliza kutoka ndani.

"Siendi, mwanangu. Nimeacha. Nakaa hapa na wewe."

"Nenda tu, mama," alisema binti, kwa upole. "Ukiwa huko ninafanya kazi bila wasiwasi."

Mama Sindano alizima cherehani. Akavaa kanga yake, akatoka, akaufunga mlango taratibu ili usipige kelele. Kule nyuma ya studio hakwenda. Alikaa kwenye ngazi ya nje, mikono mapajani, ili binti yake apate kuchora.