Landrova Iliyonguruma Msibani

Kila Ijumaa nikimaliza kuswali nawaombea dua watu watatu. Wa kwanza mama yangu, Bi Mwanaupe, Mungu amlaze pema. Wa pili mume wangu Twalib, ambaye yu hai na kichwa chake kigumu vile vile. Wa tatu ni Wanzagi wa Kiabakari, Mkristo, tena mpenda pombe ya mtama. Shoga zangu hapa Musoma wananicheka. "Wewe Kijakazi, huyo naye unamwombea nini?" Nawaambia namwombea kwa sababu ya oili ya gari. Wakizidi kucheka nawaambia, basi kaeni chini niwaeleze, na atakayenikatiza ataondoka bila kunywa chai.

Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara imekolea. Shida za kupanga foleni ya sabuni zilikuwa zimepita, maduka yamejaa redio, kanga za Dubai, mpaka biskuti za kwenye bati. Twalib alikuwa na gereji ndogo hapa mjini na Landrova moja kuukuu, aliyoinunua ikiwa mifupa mitupu akaiunga mwenyewe. Hiyo Landrova ndiyo iliyokuwa inatulisha. Inabeba dagaa, inabeba mitumba, harusi ikiwepo inabeba bibi harusi na vyombo vyake. Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: inavuja oili. Kwa hiyo hatukusafiri hata siku moja bila galoni ya oili nyuma. Tukifika Kiabakari Twalib anasimama, anafungua boneti, anaongeza, tunaendelea. Wenzetu wakisimama pale wanaingia vichakani kuchimba dawa, sisi tunainywesha Landrova.

Asubuhi moja akaja Bernado, mchuuzi wa dagaa kutoka Kisorya. Mtu huyu huwa anaingia kwangu kwa kelele, anadai chai kabla hajakaa. Siku hiyo alisimama mlangoni kofia iko mkononi. Nikajua.

"Dada Kijakazi, mama ametutoka jana magharibi," akasema. "Kudura ameniagiza nikwambie maziko ni leo baada ya alasiri. Anasema watakungoja uje umwoshe, ila adhuhuri ikishapita sana hawataweza. Joto, dada."

Kudura ni mdogo wangu, ndiye aliyekuwa anaishi na mama. Sasa niwaambie jambo moja kuhusu mama. Kisorya wanaoga ziwani, wakubwa kwa wadogo, lakini mama yangu maji ya baridi hayakumgusa mwili maisha yake yote. Lazima achemshiwe. Hata tukiwa na kuni za kuokoteza, maji ya Bi Mwanaupe yatachemka kwanza ndipo uji ufuate. Na alikuwa akisema waziwazi, "Siku yangu ikifika mnioshe kwa maji ya moto. Na uwe wewe, Kijakazi. Kudura ana haraka, atanimwagia ya mtungini." Tulikuwa tunacheka, lakini niliahidi. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, nitakuosha mimi, na maji yatakuwa ya moto."

Basi la Bunda lilikuwa limeshaondoka, na kutoka Bunda kwenda Kisorya siku zile gari ni moja tu, nalo la asubuhi. Twalib alirusha galoni nyuma, akavaa kanzu, akapiga stata. Tukaondoka, mimi nimejitanda kanga, sioni njia kwa machozi.

Tulipokaribia Kiabakari taa nyekundu ya oili ikaanza kukonyeza. Twalib akasimama kando ya maduka, akazima, akafungua boneti kama kawaida. Nikasikia anafungua galoni.

"Mama Salum," akaniita. "Hebu njoo unuse."

Nilinusa. Yalikuwa mafuta yangu ya kupikia, ya mbegu za pamba, niliyoletewa kutoka Bunda. Galoni za nyumbani kwetu zilikuwa zote sura moja. Kwa haraka zake alikuwa amechukua ya jikoni, ile ya oili ameiacha gereji.

"Nani kakutuma jikoni kwangu?" nikafoka. "Hujawahi kuingia humo hata kupasha uji, leo ndio umepajua?"

"Kwa nini uweke mafuta ya kula kwenye galoni ya gari?"

"Galoni ya gari! Ina usukani?"

Tungeendelea hivyo mpaka jioni, lakini nikakumbuka tunakwenda wapi nikaanza kulia upya. Twalib akafunga mafuta yangu taratibu akayarudisha nyuma. Hakuthubutu hata kuyafikiria, na sababu naijua. Mwaka themanini na nne, wakati wa shida kubwa, alikuwa dereva wa lori la pamba huko Bunda, la tajiri mmoja ambaye simtaji. Oili ilikuwa haipatikani kokote. Wenzake wakamwambia ongezea mafuta ya pamba, yako tele kiwandani, mafuta ni mafuta. Akachanganya. Lori likatembea vizuri siku nzima mpaka likaenda kulala. Asubuhi injini imeshikana, ndani mna gundi tupu. Halikuwaka tena, na Twalib akafukuzwa kazi. Tangu hapo, ukimtajia habari ya kuchanganya oili anakutazama kama umemtukania wazazi.

Akazunguka maduka yote ya Kiabakari. Kulikuwa na mafuta ya nywele, mafuta ya watoto, mafuta ya taa. Oili ya injini, hakuna. Hiyo ndiyo ilikuwa ruksa yetu, kila kitu kipo isipokuwa unachokitaka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe, nalitazama jua linavyopanda.

Nje ya duka la mwisho palikuwa na mwanamume mrefu, amevaa kofia ya majani na gambuti. Alikuwa anatusikiliza tangu mwanzo. Akanisogelea.

"Mama, mmefiwa?"

"Nimefiwa na mama yangu. Yuko Kisorya. Nikichelewa nitakuta wameshamwosha."

"Pole sana, mama. Pole." Akaitazama Landrova. "Mimi naitwa Wanzagi. Kwetu ni Butiama, ila pamba nalimaga hapa hapa. Msiondoke."

Kuondoka na nini? Akaenda, akarudi amekumbatia kitu ndani ya gunia la pamba, anakibeba kwa mikono miwili kama katoto kachanga. Kufunua, dumu la oili, jipya, limeandikwa kizungu, halijafunguliwa.

"Hii alinipaga mzungu wa mradi wa visima siku anarudi kwao. Nimeitunza kwa ajili ya trekta yangu. Alisema ni oili ya kisasa, haichimbwi ardhini, wanaitengeneza kwa utaalamu. Wanaitaga sinthetiki."

Twalib akafungua, akachovya kidole. Oili yenyewe nyepesi, ya dhahabu, inang'aa. Mimi mwenyewe ningeambiwa nikaangie samaki ningekaangia. Twalib akaisugua kati ya vidole, akainusa, akanitazama, akaitazama galoni yangu ya jikoni.

"Ndugu yangu, hii na mafuta ya pamba vina tofauti gani?"

"Tofauti ipo. Mzungu alisema ukikwama, changanya tu na ya kawaida, haina neno. Kibaya ni kuendesha injini kavu."

"Mzungu wako hajawahi kuendesha lori la pamba."

Hapo nikasimama. "Baba Salum! Mama yangu amelala kwenye mkeka ananingoja, na wewe unaonja oili? Weka!"

Hakunijibu kwa ukali. Afadhali angenijibu kwa ukali. Alinivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Mama Salum, nisikilize. Nikiweka hii tutafika. Hilo sina wasiwasi nalo, hata lile lori lilitembea. Lakini nikija kuzima, injini ikapoa, hii na ile iliyomo zitagandana. Haitawaka tena. Unaelewa ninachokwambia?"

Nilielewa. Ile Landrova ilikuwa ada ya Salum, ilikuwa kodi ya nyumba, ilikuwa ugali. Siwezi kumwambia weka, siwezi kumwambia acha. Nikatazama chini.

Twalib akaitazama Landrova yake. Kisha akachukua dumu, akasema, "Bismillahi," akamimina.

Tulitaka kumlipa Wanzagi, akakunja uso. "Nendeni kwanza. Dumu chukueni lote, mtaongeza njiani. Mkawahi."

Tukaondoka. Taa nyekundu ikazimika, injini ikatulia. Bunda hatukusimama. Mbele ya Bunda, kwenye ile barabara mbovu, Twalib aliongeza oili huku injini inaunguruma, hataki kuizima hata dakika moja, oili ikamrukia kanzu nzima. Kila nikimtazama namwona ana uso wa mtu anayempeleka mgonjwa wake hospitali akijua hatarudi naye.

Kisorya tulifika adhuhuri imepita. Nikaruka kabla gari halijasimama vizuri. Kudura alikuwa mlangoni ameshakunja mikono ya gauni, tayari kuanza.

"Maji yako wapi?" nikamuuliza, hata salamu sijatoa.

"Ya mtungini, dada. Muda umekwenda."

"Washeni moto."

"Dada, watu wanangoja."

"Kudura, washa moto!"

Wakawasha. Nikamwosha mama yangu kwa maji ya moto, si ya kuunguza, yale yale aliyokuwa akiyapenda. Niliyajaribu kwanza kwa kiwiko, jinsi yeye alivyokuwa akiyajaribu aliponiogesha mimi. Nilimwosha taratibu, namwambia kila ninachofanya. Alikuwa mwepesi sana. Nilishukuru, jamani. Nilikuwa nalia na kushukuru kwa mdomo mmoja, na Kudura akanishikia bakuli mpaka mwisho.

Tulipomaliza kumvika sanda ndipo nikasikia ile ngurumo. Landrova ilikuwa bado inawaka nje, pale pale ilipotuteremsha. Watu wanasoma Yasini, na yenyewe inaitikia. Mjomba wangu Hamduni akanijia amekasirika.

"Kijakazi, mumeo ana nini? Tumemwambia azime hiyo gari mara ngapi, hataki. Jeneza liko tayari, yeye yumo ndani ya gari."

Nikatoka na hasira zangu zote. Twalib alikuwa kwenye usukani, kanzu imejaa oili, mguu uko kwenye pedali ya mafuta, anaikanyagia kidogo kidogo ili isije ikajizimia.

"Wewe mwanamume huna haya? Mama mkweo anatolewa!"

"Nikiizima, ndiyo basi," akasema. "Haitawaka."

"Sasa utaiwasha mpaka lini?"

Akayafuta macho kwa mkono wenye oili. "Nilitaka umalize kwanza kumzika mama. Nilisema angalau mama akishazikwa, ndipo nizime. Sikutaka upate misiba miwili siku moja."

Hasira zangu sijui zilikwenda wapi. Nilimtazama mume wangu na uso wake uliopakaa oili, nikaona kwamba tangu Kiabakari mtu huyu alikuwa msibani peke yake. Alikuwa ameiua gari yake kwa mkono wake ili mimi nikamwagie mama yangu maji ya moto. Na hakuwa amenisimanga hata mara moja.

Nikaingiza mkono dirishani nikageuza swichi mwenyewe. Injini ikanyamaza. Yasini ikasikika vizuri.

"Teremka, Baba Salum," nikamwambia. "Nenda kambebe mama."

Akaenda. Wakampa nafasi ya mbele kwenye jeneza, na oili yake vile vile.

Landrova ikakaa pale mpaka tulipoanua tanga. Twalib alikuwa akipita karibu nayo anageuza uso. Asubuhi ya kuondoka, Mjomba Hamduni alikuwa ameshaandaa kamba na vijana wa kuisukuma. Twalib akanipa ufunguo. "Washa wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Nikapanda. Nikasema Bismillahi, nikageuza. Ikawaka. Haikukohoa, haikusita, iliwaka kama imetoka kiwandani jana, na sauti yake laini kuliko nilivyowahi kuisikia. Vijana wakapiga makofi, kamba wakaitupa. Twalib akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakigusa kwa kidole. Oili ilikuwa oili. Hakuna gundi wala nini. Mzungu wa watu alisema kweli.

Ndipo Twalib akaegemea boneti akalia. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, mwanamume mzima mbele ya wakwe.

"Baba Salum, si imewaka? Unalilia nini tena?"

"Namlilia mama," akasema. "Nilikuwa sijapata nafasi."

Tulirudi na sato wakubwa wa kukausha, tumewafungia kwenye lile gunia la pamba lililokuja na dumu. Wanzagi tulimkuta shambani kwake, anapalilia. Alituona tunashuka kwenye Landrova inayonguruma, na mtu mwingine yeyote angeuliza habari ya oili yake kwanza, imefanyaje kazi, imeharibu au haikuharibu. Yeye alivua kofia yake ya majani.

"Mlimkuta mama?"

Nikajifuta macho kwa kanga. Twalib akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Tulimkuta, ndugu yangu," akasema. "Na maji yalikuwa ya moto."