Tonge la Bulcha

"Wivu ni ugonjwa wa raia," Koplo Degefa aliwatambia wenzake kambini. "Mimi tangu nivae magwanda sijaugua chochote."

Hiyo ilikuwa asubuhi. Mchana akaenda hospitali ndogo ya brigedi kumjulia hali rafiki yake Bulcha, aliyevunjika mguu mazoezini. Akamkuta Zeritu, muuguzi ambaye yeye Degefa alikuwa akijipanga kumposa, anamlisha mgonjwa tonge la mkate wa injera kwa mkono wake mwenyewe. Kwao mtu halishwi hivyo ovyo ovyo; hulishwa apendwaye. Na Bulcha kavunjika mguu, mikono yote mizima!

Kulipokucha Degefa alikuwa kwenye foleni ya wagonjwa. Utaratibu aliujua: ukilalamikia mgongo, mganga wa kikosi anakupa vidonge na kukurudisha gwaride. Wanaolazwa ni wa makubwa. Basi akajikunja, akashika tumbo upande wa kulia, akaapa ni kidole tumbo, akalia kama ndama.

Akalazwa. Tena kitanda kilichopakana na cha Bulcha!

"Pole, kaka," Bulcha alisema. "Huku utanenepa, tunalishwa."

"Huyo halishwi," Zeritu alidakia. "Tumbo la kupasuliwa halipewi hata maji. Na sisi hapa hatupasui. Anapelekwa hospitali kuu ya jeshi, Addis. Gari linatiwa mafuta."

Degefa akasahau kulia. "Addis? Dada Zeritu, nitarudi lini?"

"Ukishapona mshono. Utamkuta Bulcha anacheza ngoma."

Akacheka, macho kwa Bulcha. Akaviringisha tonge jingine, lakini Bulcha alikuwa ameshafumba macho, basi akaliacha kwenye sinia na kwenda kuwaita wabeba machela.

Degefa akalikodolea macho lile tonge. Vidole vyake Zeritu vilikuwa bado vimejichora juu yake. Wala si njaa iliyokuwa ikimchoma. Lilikuwa la mwingine, basi. Akanyoosha mkono, akalisokomeza lote mdomoni.

Mlango ukafunguka. Zeritu, na machela nyuma yake.

"Koplo, fungua mdomo nikupime joto kabla ya safari."

Degefa akatikisa kichwa, mashavu yametuna.

"Atafunguaje?" Bulcha aliuliza, jicho moja wazi. "Tonge langu limo humo. Nimemwona mahututi wenu, kajirusha kama kipa anadaka penalti!"